Laptopu ya Shule Ikifika Nyumbani: Namna ya Kuitunza, na la Kufanya Ikikataa

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuificha laptopu ya shule yetu chini ya kitanda kwa wiki tatu, ameifungia ndani ya sweta. Ilikuwa imemwagikiwa na chai. Kila nilipomuuliza kazi yake iko wapi, alisema ameiacha nyumbani, na kweli ilikuwa nyumbani. Siku aliyoileta, maziwa na sukari vilikuwa vimekauka chini ya kibodi, na kutu imeanza kula bodi. Angeniletea siku ile ile, huenda ningebadilisha kibodi tu.

Mimi ndiye msimamizi wa maabara ya kompyuta katika shule moja ya sekondari karibu na Barabara ya Jogoo, Nairobi. Laptopu 62 hupitia mikononi mwangu, kila moja na stika ya nambari yake. Ninayoandika hapa ni yale ninayowaambia wanafunzi na wazazi siku ya kutia sahihi, pamoja na yale ambayo siku hiyo foleni huwa ndefu mno kuyamaliza.

Wazazi hupenda kuniuliza kama hizi ndizo zile laptopu zilizoahidiwa kwenye kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013. Sizo. Mpango ule uliishia kwenye vishikwambi vya watoto wa darasa la kwanza, vikaanza kugawanywa mwaka 2016. Hizi zetu ni mali ya shule, mwanafunzi anaazimwa. Neno hilo "kuazimwa" ndilo linaloamua mengi yanayofuata.

Siku ya kuipokea

Usitie sahihi kabla hujaiwasha mbele yangu. Igeuze uone upande wa chini. Kuna kibandiko kidogo chenye herufi S/N, yaani nambari ya utambulisho wa mashine, na mfuatano wa herufi na tarakimu. Kipige picha kwa simu ya mzazi. Piga pia picha ya kifuniko, kioo, kona zote nne na chaja. Kama kuna ufa au kitufe kimelegea, tuandike kwenye fomu hapo hapo, ili mwisho wa muhula pasiwe na ubishi kati yetu. Bonyeza kila herufi mara moja, ingiza waya wa chaja uone taa ikiwaka, kisha ingia kwa akaunti uliyopewa na shule.

Mzazi, isome ile fomu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na fomu ndiyo inayokueleza nini kinarekodiwa. Ujue kwamba msimamizi anaweza kuona mambo kadhaa yanayofanyika kwenye akaunti ya shule. Kwa hiyo usiitumie laptopu hiyo kwa mambo ya benki, na usihifadhi humo picha ya kitambulisho chako. Si yako, na kesho inaweza kuwa mikononi mwa mtoto mwingine.

Kuibeba mjini

Si kuanguka tu kunakovunja kioo. Vingi ninavyopokea vilivunjikia ndani ya begi, kwenye matatu iliyojaa, begi likiwa limekaliwa au limebanwa kati ya magoti na kiti. Thermosi ya chuma ikiwa upande mmoja na laptopu upande wa pili, kioo hakina nafasi. Weka laptopu upande unaogusa mgongo, madaftari yafuate, na chupa ya maji ikae mfuko wa nje. Ukipanda gari, begi liwe mapajani. Chaja isikae juu ya kifuniko, maana ule uvimbe wake hubonyeza kioo mahali pamoja hadi kipasuke.

Kabla ya kuifunga, pitisha kiganja juu ya kibodi. Kalamu moja au kipande cha earphone kikibaki hapo, ukibana kifuniko umemaliza kioo. Na unapoinyanyua, ishike upande wa kibodi kwa mikono miwili. Anayeiinua kwa kona ya kioo anavunja bawaba kidogo kidogo, siku hadi siku.

Msimu wa mvua za masika huwa nalala na wasiwasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo ile njia ya zamani ya kufungia kitu kwenye mfuko wa dukani haipo. Mama mmoja alimpelekea fundi wa nguo mwavuli uliovunjika mbavu, akamshonea mwanawe kifuko kutokana na kitambaa chake. Hakipitishi maji, ni chepesi, na tangu hapo nimewaonyesha wazazi wengi.

Halafu kuna hili: kufunga kifuniko si kuzima. Mashine iliyolala inaweza kuamka ndani ya begi na kuchemka humo bila hewa. Ukitoka shuleni, izime kabisa.

Stima na chaja

Hapa ndipo penye kesi nyingi kuliko popote. Stima yetu ni ya volti 240, lakini inapopotea na kurudi ghafla huja na msukumo unaoweza kuunguza chaja. Taa zikizimika, chomoa chaja ukutani. Zikirudi, subiri dakika tano hivi kabla ya kuchomeka tena. Kama nyumbani kwenu tokeni za stima huisha mara kwa mara, chaji shuleni wakati wa mapumziko, na usione haya kuniomba soketi.

Ikiwa haichaji, usiseme chaja imekufa. Fuata njia ya stima kutoka ukutani hadi kwenye mashine. Anza na swichi ya soketi, kisha jaribu soketi nyingine ambayo umeona simu ikichaji. Epuka ekstensheni iliyolegea, ile ambayo hadi uishike kwa mkono ndipo taa iwake. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, nayo hukatika. Halafu kuna ule waya unaotoka ukutani kwenda kwenye kisanduku cha chaja. Kwenye chaja nyingi waya huo huchomoka. Mara nyingi umelegea tu, basi usukume mpaka uingie wote. Mwisho angalia tundu la laptopu. Vumbi na nyuzi za begi hujazana humo. Izime, chomoa chaja, toa uchafu taratibu kwa kijiti kikavu cha meno. Usitumie sindano wala pini.

Yote yakishindikana, ndipo tuzungumzie chaja nyingine. Watu hukimbilia maduka ya vifaa vya umeme ya Barabara ya Luthuli mjini, wanasema tu "nipe ya kichwa kama hiki," na kichwa kikiingia wanadhani wamepata. Soma maandishi madogo kwenye chaja ya zamani, mahali palipoandikwa OUTPUT. Chukua mfano wa 19.5V na 2.31A: ukizidisha unapata wati 45. Volti za chaja mpya zilingane na za zamani. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisiwe pungufu. Kwa laptopu zenye tundu la USB-C, tafuta idadi ya wati. Chaja ya simu ya wati 18 huingia vizuri, lakini mashine itachaji kwa kujikokota, au itakataa. Lakini kabla hujanunua chochote, niulize. Shule ina chaja za akiba, na mzazi mmoja alitumia pesa za chakula kununua chaja bandia katika duka moja mjini, ilhali ya kumpa nilikuwa nayo kabatini.

Betri inaishi muda mrefu zaidi ikikaa kati ya asilimia 20 na 80, na joto ndilo adui yake mkubwa. Godoro na blanketi huziba matundu ya hewa. Weka meza, au hata sinia pana lililopinduliwa. Na ukiona padi ya kugusia imeinuka, au mashine haikai sawa juu ya meza kama zamani, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze irudi ndani, na usiruhusu mtu aitoboe. Betri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Nipigie simu siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili.

Imekataa kuwaka

Chomoa chaja na kila kitu kilichochomekwa. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie sekunde 30 kamili, uhesabu kwa sauti, kwa sababu wengi huishia kumi. Achia, chomeka chaja, subiri dakika chache, kisha washa kama kawaida. Hatua hii hutoa umeme uliobaki ndani, na imenirudishia laptopu nyingi ambazo mwenyewe alikuja akilia. Kwa Chromebook, zile laptopu za mfumo wa Google, shikilia kitufe chenye mshale unaozunguka, bonyeza cha kuwasha, kisha achia vyote.

Kama unasikia feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, ongeza mwangaza kwanza. Kisha, kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kitapepesa na pengine kirudi. La sivyo, ingia chumba chenye giza umulike kioo kwa tochi ya simu, ukiinamisha kidogo. Ukiona picha hafifu nyuma ya weusi, mashine ni nzima na taa ya kioo ndiyo iliyokufa. Niambie hivyo hivyo, utakuwa umeniokolea nusu saa.

Ukikuta ukurasa wa buluu unaodai ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayolinda data, wenye tarakimu 48, usibahatishe. Ufunguo huo shule ndiyo inayoutunza. Piga picha ya ukurasa wote, hasa ile nambari ya utambulisho wa ufunguo, uniletee. Data yako ipo, haijapotea.

Nywila haikubali

Taa ya Caps Lock haijawaka? Kwenye kibodi ndogo, Num Lock hugeuza baadhi ya herufi kuwa tarakimu. Andika nywila kwanza mahali inapoonekana, kama kuna alama ya jicho ibonyeze.

Alama ya @ nayo husumbua sana. Kibodi ikiwa imepangwa kwa mtindo wa Uingereza, Shift na 2 huleta alama za kunukuu, na @ iko upande wa kulia karibu na Enter. Kwa mtindo wa Marekani ni kinyume. Bonyeza Windows na kitufe kirefu cha nafasi ubadilishe mtindo, kisha jaribu tena. Nimeona mvulana akifungiwa nje ya akaunti yake asubuhi ya mtihani kwa sababu ya alama hii moja.

Herufi zikianza kuchelewa au kukataa mpaka ushikilie kwa muda, huenda uliegemea Shift ya kulia kwa sekunde nane, na Windows ikawasha kichujio cha vitufe (Filter Keys). Kizime kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Kibodi haijaharibika.

Nywila ukiisahau kabisa, mimi ndiye wa kuibadilisha. Usimwombe binamu "aifungue." Laptopu ya shule imeunganishwa na usimamizi wa shule, na hata ukifuta kila kitu kwenye Chromebook, itakaporudi mtandaoni itadai akaunti ya shule tena. Utakuwa umepoteza kazi zako bure.

Mtandao

Angalia kama hali ya ndege imewashwa kwa bahati mbaya, maana kwenye kibodi nyingi ni kitufe kimoja tu. Kisha angalia tarehe na saa. Laptopu iliyokaa likizo nzima bila chaji inaweza kurudi ikidhani ni mwaka mwingine, na tovuti zikakataa kufunguka zikisema si salama. Rekebisha saa, na mara nyingi mambo hunyooka. Kama bado, sahaulisha ule mtandao kwenye orodha ya waifai, uunganishe upya.

Ukitumia hotspot ya simu ya mzazi na laptopu haiioni, nenda kwenye mipangilio ya hotspot uchague 2.4 GHz badala ya 5 GHz. Mashine zetu za zamani hazisomi ile ya pili. Halafu, kabla ya kitu kingine chochote, weka alama kwamba muunganisho huo ni wa kulipiwa kwa kipimo (metered connection). Bila hivyo Windows itaanza kupakua apdeti, na bando la wiki la mama litaisha kabla hujafungua daftari la kwanza. Hili hunitia uchungu, kwa sababu mtoto hulaumiwa kwa kutazama video ambazo hakuzitazama.

Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, fungua faili unazohitaji na uziweke zipatikane bila mtandao. Ufanye hivyo ukiwa bado kwenye waifai ya shule. Apdeti pia zifanyie shuleni. Kwa wanaouliza kuhusu Windows 10: Microsoft iliacha kuitolea apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhamia toleo jipya ni kazi ya shule, usijaribu kupakua chochote kinachodai kukuhamisha.

Imekuwa nzito

Chagua Restart, si Shut down. Kwenye Windows nyingi, Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo ili mashine iwake haraka kesho, na matatizo ya leo hubaki. Restart huanza upya kweli. Funga kurasa usizozisoma. Mashine ya RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4 haiwezi kubeba kurasa 30. Hayo yakishindikana, niletee.

Kitu kikimwagika

Hapa sekunde zinahesabika, kwa hiyo lijue kabla halijatokea. Usihifadhi kazi, usifunge programu. Chomoa chaja, kisha shikilia kitufe cha kuwasha mpaka kioo kizimike. Ifungue wazi na uipindue isimame kama paa la nyumba, kibodi ikitazama chini juu ya taulo. Futa kilicho nje. Usiitikise. Usiiweke juani wala karibu na jiko, usiipulizie hewa ya moto. Mchele hausaidii: haufiki chini ya kibodi yaliko maji, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Kubwa kuliko yote, usiiwashe "kuona kama bado inafanya." Umeme ukikutana na umajimaji ndipo bodi inaungua.

Maji matupu yana huruma kiasi. Chai, soda na uji havina. Maji yake hukauka, sukari ikabaki imeshikilia unyevu na kula chuma. Ndiyo maana nataka iletwe asubuhi inayofuata, na niambiwe ukweli: ni nini kilichomwagika, saa ngapi, kiasi gani. Fundi wa mtaani asiifungue. Anaweza kuwa hodari, lakini akishaifungua naweza kukataliwa waranti.

Ikipotea au ikiibwa

Usalama wa mtoto kwanza. Akisimamishwa na wezi, aitoe. Kisha nendeni kituo cha polisi kilicho karibu, mchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na mtumie ile picha ya S/N mliyopiga siku ya kwanza. Nijulisheni siku hiyo hiyo ili nifunge akaunti.

Namna ya kuniandikia

"Madam, laptopu imeharibika" hainisaidii. Niandikie hivi: "Laptopu 27. Jana saa mbili usiku stima ilipotea ikiwa kwa chaji. Iliporudi, taa ya chaja haikuwaka. Nimejaribu soketi mbili na waya wa jirani. Inawaka kwa betri, imebaki asilimia 14." Kwa ujumbe kama huo naja na chaja mkononi.

Mzazi, naomba jambo moja. Mtoto akikuambia ameiangusha, usianze na bei. Yule msichana wa wiki tatu aliniambia baadaye kwamba alikuwa amesikia baba yake akisema laptopu ikiharibika ataacha shule. Baba hakumaanisha, alikuwa amechoka siku ile. Lakini mtoto alimwamini.

Mdogo wake yuko kwetu sasa. Muhula huu nilimkuta mlangoni kabla sijafika na funguo, saa moja kasoro, amesimama na laptopu imepinduliwa kama paa juu ya taulo, amekuja nayo hivyo tangu mtaa wa Umoja, dada yake akimzuilia watu kwenye matatu. "Madam, ni uji. Kikombe nusu. Saa mbili na robo jana usiku. Hatujaiwasha." Niliifungua, nikaisafisha, nikaiacha siku mbili. Ni herufi K tu iliyogoma, na kibodi nyingine ilikuwa kabatini.